Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa: mwongozo kwa mwombaji wa Mwanza na visiwa vyake

Kila mwaka wiki ya mwisho ya Agosti, foleni kwenye steshenari za Nyegezi na Igoma hutoka nje ya mlango. Mama mmoja atakuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, ameshika bahasha ya kaki kifuani. Ndani ya bahasha anaamini mna kila kitu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha baba, matokeo ya kidato cha nne, picha za pasipoti. Kijana wake ataitwa mbele ya kompyuta, na baada ya dakika kumi mwenye steshenari atageuka na kusema, "Mama, jina la huku siyo la kule."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kwetu na ndugu zangu wa Misungwi kuomba mkopo. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi siku dirisha la maombi linapofunguliwa. Vijana wengi ninaowajua waliokosa mkopo hawakukosa kwa kuwa Bodi ya Mikopo iliwaona wana uwezo. Walikosa kwa sababu karatasi zao zilikuwa zinapingana, na muda wa kuzipatanisha ulikuwa umekwisha.

Kwanza, fedha zenyewe ni zipi

Mfuko mkubwa kuliko yote kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo wake ni mafungu kadhaa. Ada ya mafunzo huenda moja kwa moja chuoni, wewe huishiki. Chakula na malazi, ambalo ndilo bumu lenyewe, ni hadi Sh10,000 kwa siku. Vitabu na viandikwa ni hadi Sh200,000 kwa mwaka. Lipo pia fungu la mafunzo kwa vitendo, la utafiti, na la mahitaji maalumu ya kitivo kwa kozi zinazohitaji vifaa. Bodi hupima uhitaji wako na kuamua upate kiasi gani katika kila fungu, kwa hiyo mwenzako wa darasa moja anaweza kupata ada yote na wewe ukapata nusu.

Huo ni mkopo, na utalipwa. Ruzuku ni kitu kingine: hairudishwi. Nitafika huko baadaye, lakini nakuomba usiache kuomba mkopo kwa kusubiri ruzuku. Omba vyote.

Sifa za msingi ni hizi: uwe Mtanzania usiyezidi miaka 35, uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, usiwe na ajira inayokupa kipato, na uwe umepata udahili kwenye chuo kinachotambuliwa, kama SAUT pale Malimbe, CUHAS pale kilima cha Bugando, au chuo kingine chochote nchini. Bodi hutoa mwongozo wake rasmi kila mwaka, na upo kwa Kiswahili. Usome wote, kwa sababu masharti madogo hubadilika mwaka hadi mwaka na aliyekuelekeza huenda anakumbuka ya mwaka wake.

Hatua ya 1: patanisha majina, na uanze Januari

Chukua karatasi tupu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Chini yake liandike kama lilivyo kwenye matokeo ya kidato cha nne. Chini yake lile la NIDA. Kama mzazi amefariki, andika jina lake kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, kisha uangalie limeandikwaje kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Sasa soma kwa kidole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Majina yetu ya Usukumani yana mitego yake. Karani wa zamani aliandika alichosikia. Ng'wasi kwenye kadi ya kliniki akawa Mwasi kwenye cheti na Ngwasi shuleni, bila kile kialama cha juu. Nyanzala akawa Nyanzara, maana L na R kwa wazee wetu ni mtu na ndugu yake. Kanisani ni Petro, shuleni ni Peter. Kwenye cheti jina la mwisho ni la baba, shuleni mwalimu akaandika la babu kwa kuwa ndilo lililozoeleka nyumbani. Mtaani hayo yote ni mtu mmoja na hakuna anayeshangaa. Kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wanne.

Ukikuta tofauti, chagua nguzo. Ushauri wangu ni kwamba nguzo iwe jina la kidato cha nne, kwa sababu akaunti yako ya mkopo hufunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne na jina huvutwa kutoka NECTA. Vitu vingine ndivyo vivutwe kulifuata. Kosa la herufi kwenye cheti cha kuzaliwa husahihishwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya ulikosajiliwa. Kama jina lenyewe ni jingine kabisa, wakili ataandaa hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida mbele ya hakimu kinasaidia mambo mengi, lakini usikitegemee kama dawa ya kila kitu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Mwaka niliomba mimi, bado tulikuwa tunajaza fomu za karatasi na kuzipeleka posta. Jina la baba kwenye cheti changu lilikuwa na R, kwenye cheti cha shule lina L. Niliuliza ofisi moja, nikaambiwa ni kitu kidogo, niache tu. Sikupata kitu. Baba aliuza ng'ombe wawili nikaanza mwaka wa kwanza, na mwaka huo mzima kila nilipokula nilikuwa naona zizi. Nilirekebisha jina, nikaomba tena mwaka wa pili, nikapata.

Yupo pia mwenzangu asiyekuwa na cheti kabisa. Wengi waliozaliwa visiwani na vijijini wana tangazo la kizazi tu, ile karatasi ya hospitali au zahanati, na wanaamini ndicho cheti. Tangazo si cheti. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya na ushahidi wote ulionao: tangazo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, vitambulisho vya wazazi. Usajili wa mtu mzima haumaliziki kwa siku moja, na ndiyo maana nasema Januari.

Hatua ya 2: uhakiki wa RITA na namba ya NIDA

Cheti cha kuzaliwa kikishakuwa sawa, kinatakiwa kihakikiwe. Unakipakia kwenye mfumo wa RITA wa mtandaoni, unalipia kwa namba ya malipo, unasubiri jibu. Cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe vilevile. Aliyezaliwa Zanzibar hufanya hivyo kupitia ZCSRA, wakala wa usajili wa kule. Majibu hayaji papo hapo, na Agosti kila mtu nchini anapakia kwa wakati mmoja. Anayefanya hili Aprili anakuwa kama peke yake barabarani.

NIDA, ukitimiza miaka 18 tu nenda ukajisajili wilayani kwako. Kadi inaweza kuchelewa. Namba ndiyo unayoihitaji kwanza.

Hatua ya 3: ushahidi wa hali yako

Bodi haikujui. Haijui kwamba mnalala chumba kimoja watu sita Mabatini, wala kwamba mama anaamka saa tisa usiku kuwahi mnada wa samaki. Inajua kilichopakiwa. Basi kila hali inayokuhusu iwe na karatasi yake:

Yatima aweke cheti cha kifo kilichohakikiwa, kimoja au viwili. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, ajaze fomu ya Bodi ya kuthibitisha ulemavu na kuisainisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Aliye kwenye kaya ya TASAF awe na namba ya kaya. Mwambie mama akutafutie kile kitambulisho cha mnufaika, usitaje kwa kukumbuka. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili, iwe shirika, parokia au mtu, aombe barua ya mfadhili inayosema alimlipia nini na kuanzia lini hadi lini.

Hii ya mwisho wengi huipuuza na inawaumiza. Kama ulisoma shule ya binafsi yenye ada kubwa kwa sababu masista walikulipia, halafu hakuna barua, atakayesoma maombi yako ataona kitu kimoja tu: familia iliyomudu ada ile.

Hatua ya 4: fungua akaunti, na akaunti iwe yako

Kwa kawaida dirisha hufunguliwa mwezi Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Wakati mwingine huongezwa siku, lakini usipange maisha yako juu ya nyongeza. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa Bodi uitwao OLAMS. Ada ya maombi imekuwa Sh30,000, unalipa mara moja kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, na hairudishwi.

Tahadhari ya kwanza ni ya namba ya mtihani. Namba ya kidato cha nne utakayoiombea mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Kama ulirudia mtihani na una namba mbili, amua moja na uitumie kote, na ile nyingine uitaje pale mfumo unapouliza. Nimeona binti aliyedahiliwa udaktari, kozi ya miaka mitano, jina lake halionekani kwenye mikopo hadi Desemba kwa sababu chuoni aliomba kwa namba moja na Bodi kwa nyingine.

Tahadhari ya pili: barua pepe na namba ya simu ziwe zako. Steshenari zinasaidia sana, na siwezi kumlaumu kijana wa Kome au Ukerewe asiye na kompyuta. Lakini mwenye steshenari akiwa na haraka hufungua akaunti kwa barua pepe yake, akaandika nywila kwenye kipande cha karatasi, na kipande kikabaki kwenye suruali iliyofuliwa. Binamu yangu alipoteza akaunti hivyo. Ujumbe wa Bodi wa kumtaka arekebishe nyaraka ulikwenda kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuhama mji. Fungua barua pepe yako wiki moja kabla, ijaribu, kisha andika nywila sehemu mbili: kwenye daftari, na nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Hatua ya 5: kujaza, hasa pale panapoulizwa kazi ya mzazi

Sehemu nyingi za fomu hazina shida. Shida iko pale panapouliza wazazi wanafanya nini.

Kijana anaona aibu. Mama yake anauza dagaa kwa sado pale Mwaloni Kirumba, mtaji wake unakaa kwenye kitenge kiunoni, na mvua ikinyesha siku tatu dagaa haziwezi kukauka na mtaji umekwenda. Kijana anaandika "mfanyabiashara". Baba anavua kwa mtumbwi wa mtu na kugawana na mwenye chombo. Kijana anaandika "sekta ya uvuvi". Sasa jiweke kwenye kiti cha anayepitia maombi. Mfanyabiashara na mtu wa sekta ya uvuvi wa Mwanza, wana nini? Anaweza kuwaza maduka ya Makoroboi, anaweza kuwaza mitumbwi kumi yenye injini.

Andika ukweli kwa jina lake. Mvuvi asiye na chombo. Muuza dagaa rejareja. Mkulima wa mihogo, ekari moja. Mama lishe. Kazi hizo ndizo zilizokufikisha kidato cha sita na hakuna hata moja ya kuonewa haya. Na ukweli huo uende pande zote: kama baba ni mwalimu mwenye mshahara, andika mwalimu. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa, na mshahara wa serikali hauhitaji mpelelezi kuuona.

Hatua ya 6: saini, muhuri na mdhamini

Ukimaliza kujaza, utachapisha fomu na mkataba. Zile kurasa za saini zinakwenda kwa watu wanne: wewe mwenyewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu anayethibitisha kama kamishna wa viapo. Kisha unaziskani na kuzipakia.

Mdhamini anatakiwa awe na kitambulisho na picha. Kaa naye chini kabla ya siku yenyewe. Wazee wetu wakisikia "kudhamini" hukumbuka mtu aliyenyang'anywa ng'ombe kwa deni la mwenzake. Mjomba wa kijana mmoja niliyemsaidia alishika kalamu, akaiweka chini, akasema, "Mwanangu, nakupenda, lakini nyumba yangu ni hii moja tu." Ilibidi kumsomea mkataba kifungu kwa kifungu kwa Kisukuma, mpaka akaelewa yeye anaahidi nini hasa. Akasaini siku ya pili. Kama ungemfikia siku ya mwisho ya dirisha, ungekuwa huna mdhamini.

Mwenyekiti wa mtaa naye ana mashamba na misiba yake. Mpigie kabla ya kwenda. Hakikisha muhuri unasomeka: jina la mtaa, kata, tarehe. Muhuri uliomwagika wino ni bure. Mara mbili nimeona kijana wa Ukerewe anavuka ziwa kurudi Nansio kwa ajili ya muhuri mmoja uliosahaulika kwenye ukurasa wa pili, nauli ya kwenda na kurudi na siku mbili zimepotea. Watu wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa sababu kumfuata wakili mjini sasa hakutegemei kivuko. Lakini hata daraja haliwezi kukutafutia mtendaji aliyesafiri.

Skani kwa mashine, usipige picha kwa simu chini ya mti. Kivuli cha mkono wako kikipita juu ya saini, aliye Dar es Salaam hataona saini. Baada ya kupakia, fungua faili ulilopakia ulisome tena kabla ya kubonyeza kutuma. Kisha weka nakala ya kila ukurasa kwenye faili la plastiki lenye zipu. Hilo faili utaishi nalo miaka mingi.

Hatua ya 7: baada ya kutuma

Upande wa chuo, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa awamu za udahili. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotolewa. Bodi humpangia mkopo mwanafunzi ambaye udahili wake umekwisha kuthibitishwa, kwa hiyo kusitasita kati ya vyuo viwili kunakugharimu kote kuwili.

Ingia kwenye akaunti yako kila siku mbili. Huwa kuna muda mfupi wa marekebisho kwa wale ambao nyaraka zao zina kasoro, na muda huo huhesabiwa kwa siku, si kwa wiki. Matokeo ya mikopo hutoka kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba, na utayaona kwenye SIPA, akaunti yako ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi. Kutokuonekana awamu ya kwanza si kukosa. Nakuomba sana usimwambie mama yako kwamba umekosa kabla awamu zote hazijakwisha. Nimeona shamba limeuzwa Jumatatu na mkopo umetoka Alhamisi.

Ukikosa kweli, au ukipata kidogo kisichotosha, dirisha la rufaa hufunguliwa. Rufaa si barua ya kulia. Ni nafasi ya kuleta ushahidi ambao haukuwepo: cheti cha kifo kilichokuwa bado kuhakikiwa, barua ya mfadhili, fomu ya ulemavu. Kama huna kipya, chunguza ulichopakia mwanzo. Mara nyingi utakuta ukurasa uliopinduka au nyaraka iliyowekwa mahali pa nyingine. Na rufaa ikikataliwa, mwanafunzi anayeendelea anaweza kuomba mwaka unaofuata. Mimi ni shahidi wa hilo.

Atatokea mtu, mara nyingi kwenye kundi la WhatsApp, akisema ana ndugu ndani na kwa kiasi fulani atakupandisha. Hana. Usimpe fedha, na zaidi ya fedha, usimpe nywila.

Hatua ya 8: pengo, na barua ya kuliziba

Ukishajua umepata nini, fanya hesabu kwenye karatasi moja. Ada na michango yote ya chuo kwa mwaka. Toa alichotoa mkopo. Kinachobaki ndicho pengo. Nenda kwa mhasibu wa chuo na karatasi hiyo uulize kama pengo linaweza kulipwa kwa awamu. Vyuo vingi hupokea kwa mihula, lakini ni yule anayeuliza mapema ndiye anayepangiwa.

Kisha andika barua. Ndugu na jamaa zetu huchanga kwa harusi na kwa msiba bila kuulizwa mara mbili. Kwa masomo huchanga pia, ila wanataka kujua fedha inaishia wapi. Barua inayosema "naomba msaada wa masomo" hupokewa kwa pole. Barua inayosema ada ni kiasi hiki, Bodi imelipa hiki, pengo ni hiki, akaunti ya chuo ni hii, na nakala ya barua ya udahili imeambatanishwa, hiyo husomwa kwenye kikao. Ipeleke parokiani au msikitini, kwenye kikoba cha mama, kwa diwani, kwa umoja wa waliosoma shule yako. Omba walipe moja kwa moja chuoni. Ukirudisha stakabadhi kwa waliochangia, muhula wa pili hutakuwa unaanza upya.

Ruzuku zisizorudishwa

Samia Scholarship ilianza mwaka wa masomo 2022/2023. Ni kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita na kudahiliwa kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba kwenye vyuo vya ndani. Hugharimia masomo na kujikimu na hairudishwi. Wenye sifa hutangazwa baada ya matokeo ya kidato cha sita na huomba kupitia mfumo wa Bodi, kwa hiyo kama ulisoma PCB au PCM na matokeo ni mazuri, angalia orodha mwenyewe. Usisubiri shule ikupigie. NMB Foundation nayo ina ufadhili uitwao Nuru Yangu, kwa wenye ufaulu mzuri wanaotoka familia zisizo na uwezo. Nje ya nchi, serikali za China, Hungaria na India hutoa nafasi za shahada ya kwanza kwa Watanzania, na matangazo hupitia Wizara ya Elimu. Huko utahitaji pasi ya kusafiria na vyeti vilivyonyooka, na tunarudi palepale pa majina.

Ufadhili wa kweli hauombi "ada ya kushughulikia" kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Hatua ya 9: ukifika chuoni

Siku ya kwanza mtafute afisa mikopo wa chuo, kabla hata ya kutafuta chumba. Fungua akaunti ya benki kwa majina yaleyale ya mkopo. Sajili alama za vidole kwenye DiDiS, mfumo wa Bodi wa kulipa bumu. Bumu halitoki mpaka usaini, na kila mwaka wako wanaoahirisha kusaini kisha wanashangaa wenzao wanakula.

Bumu la kwanza aghalabu huchelewa kuliko wewe. Utafika, utaandikishwa, utaanza vipindi, na akaunti itakuwa kavu. Njoo na akiba ya mwezi mzima: unga, mchele, dagaa waliokaushwa vizuri, mafuta, sabuni. Usione haya kushusha gunia pale stendi ya Nyegezi. Wenye nyumba wengi karibu na vyuo hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo ni busara wawili au watatu mkashirikiana chumba muhula wa kwanza.

Likiingia, hesabu ni rahisi na ngumu kwa pamoja. Siku 60 kwa Sh10,000 ni Sh600,000. Ni fedha nyingi kuliko ambazo wengi wetu tuliwahi kushika kwa siku moja, na hapo ndipo simu mpya inaponunuliwa. Siku ileile toa kodi, toa fedha ya kuchapisha na vitabu, kisha gawa kilichobaki kwa idadi ya siku hadi bumu lijalo. Iandike ukutani. Na kama nyumbani wanakutegemea, wape kiasi mlichokubaliana mapema, usitume kwa kila simu inayolia. Wewe ukishindwa mtihani, hata hicho kidogo hawatakipata. Mkopo wa mwaka wa pili unategemea matokeo ya mwaka wa kwanza. Ukihama chuo, ukibadili kozi au ukiahirisha mwaka kwa ugonjwa, pitia kwa afisa mikopo kabla ya kuondoka.

Hatua ya 10: deni

Baada ya kumaliza masomo unapewa miezi 24 kabla ya marejesho kuanza. Ukiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye mshahara wa Sh700,000 ni Sh105,000 kila mwezi, ihesabu tangu sasa. Zamani deni liliongezeka asilimia 6 kila mwaka kwa tozo ya kulinda thamani. Tozo hiyo Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021, hapahapa Mwanza, uwanja wa Kirumba. Niliyasikia kwenye redio nikiwa na karatasi ya deni langu mkononi.

Usipoajiriwa, deni halifi. Ukianza kupata kipato kwa kilimo au biashara, nenda ofisi ya Bodi ya kanda hapa mjini, omba taarifa ya deni, mkubaliane. Ukimaliza kulipa omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, iweke kwenye lile faili la plastiki, nyuma ya cheti cha kuzaliwa.